Alipoambiwa Asubiri Nje

Kwa dobi mkubwa alikofanya kazi tangu usichana wake walimwita Mama Pasi, na jina hilo likamganda mpaka mtaani, hata kuna majirani waliohamia na wakahama bila kulijua jina alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa mashuka. Yalikuja kutoka mahotelini na hospitalini, yametoka kukamuliwa, yamejikunja kama watu waliogombana, naye aliyatandaza mezani, akayanyunyizia maji ya wanga na kuyapitishia pasi ya mvuke mpaka yakatii. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa kiasi, mwenye makovu madogo ya moto kwenye mikono yote miwili na mdomo usiojua kusubiri zamu. Wenzake walisema Mama Pasi hanyooshi mashuka tu. Hata mtu akipita mbele yake na mkunjo wake atanyooshwa.

Mumewe alimpata humohumo kazini. Mwenye dobi alitaka sakafu ya chumba cha pasi ibadilishwe, akaleta fundi marumaru, kijana mrefu, mkimya, aliyeshinda amepiga magoti kutwa nzima na mwiko wake. Siku ya kwanza tu, yule msichana wa pasi, akiwa amekumbatia mzigo wa mashuka uliomziba macho, alipita juu ya marumaru zilizobandikwa asubuhi ile, gundi haijashika. Fundi alipiga magoti tena palepale. Alizibandua moja moja, akazifuta, akaanza upya. Msichana alipomfuata baadaye kumwomba radhi, yule kijana alimjibu bila kuinua uso kwamba kama anapenda kukanyaga kazi ya mtu, basi bora aolewe naye, aikanyage kihalali.

Yeye walimwita Pimamaji, kwa sababu hakuhitaji kile kifaa chenye tone la hewa ndani ili kujua kama sakafu imelala sawa. Aliweza kuingia nyumba ya watu kwa shughuli nyingine kabisa, hata kwenye msiba, akainamisha kichwa kidogo upande mmoja, na Mama Pasi akawahi kumfinya kabla hajasema ni kona gani imeshuka. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye tangu alipojua kusema hakunyamaza tena, wakambandika jina la Chiriku. Nyumba ikawa hivyo: mama anaongea, mtoto anaongea, baba anasikiliza. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika mgawanyo huo.

Mgongo wa Pimamaji ulianza kumsumbua kama mgeni mwenye adabu. Ulikuja jioni, ukaondoka asubuhi. Mtu anayeshinda amepiga magoti, akiinama na kuinuka na marumaru mkononi, hawezi kushangaa kiuno kikimlalamikia, na Mama Pasi alipata dawa yake mapema. Mumewe alilala kifudifudi sakafuni, naye akavua viatu, akashika nondo za dirisha ili asije akaanguka, akampanda mgongoni kwa miguu mitupu. Alitembea taratibu kutoka kiunoni hadi mabegani, akisikiliza mifupa ikilia chini ya nyayo zake, na kila ilipolia alisema, "Hiyo imekubali." Pimamaji aliguna kwa raha. Huko kwenye ujenzi aliwaambia mafundi wenzake kwamba mke wake humkanyaga kila siku na yeye humshukuru, nao wakacheka mpaka wakaangusha miiko.

Ilikuwa saa yao, hiyo. Chiriku alikuwa akifukuzwa aende kucheza nje, na mambo mengi ya nyumba yaliamuliwa hapo, mmoja juu, mmoja chini. Mama Pasi aliuonea fahari mgongo ule. Aliwaambia wanawake wa chumba cha pasi kwamba anaujua kuliko anavyolijua shuka, kila kifundo na kila bonde, na kwamba siku yeye akifa, itabidi mumewe amrithishe mke wa pili maelekezo.

Miaka ikaenda. Chiriku akakua, akaajiriwa kiwanda cha kushona sare, akaolewa, akapata ujauzito. Na yule mgeni mwenye adabu akaacha adabu yake. Maumivu sasa yalishuka kutoka kiunoni, yakapita nyuma ya paja, yakafika mpaka kwenye kisigino, kama mtu amepitishwa waya wa moto. Pimamaji alianza kuvaa suruali akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Ngazi alizipanda akiuvuta mguu wa kulia kwa mkono. Alianza pia kukaa bafuni muda mrefu, na Mama Pasi, mwenye haraka ya kwenda kazini, alikuwa akimgongea mlango na kumuuliza kama ameanza kuhamia humo. Alijibiwa kwamba maji ni ya baridi, kwamba sabuni imeingia jichoni, kwamba anakuja. Aliyasikia majibu hayo yote na hakuyawekea maana. Baadaye, katika miaka iliyofuata, aliyarudia moja moja kama mtu anayepekua takataka akitafuta pete.

Chiriku ndiye aliyeleta habari za tabibu wa uti wa mgongo. Mjini, juu ya duka la dawa, palikuwa na kibao kilichoandikwa Kairopraktiki, neno ambalo wengi walishindwa kulitamka, wakaamua kumwita mwenyewe Mnyoosha Migongo. Msimamizi wa Chiriku kiwandani alikuwa ameenda kwake akiwa amepinda kama ndoano, sasa anatembea wima. Chiriku alilisema jambo hilo asubuhi, akalirudia mchana kwa simu, akaja kulimalizia jioni yeye mwenyewe na tumbo lake.

Kule kwa dobi habari zilikuwa nyingine. Mpiga pasi mwenzake, aliyekuwa shoga yake wa siku nyingi, alisema amesikia mtu huyo huvunja mifupa kwanza ndipo aipange upya. Mwingine akasema kuna mkwe wa fulani aliyeingia humo anatembea na akatoka anabebwa. Mama Pasi alicheka pamoja nao, lakini chini ya kicheko kulikuwa na kitu kingine ambacho asingekikiri mbele yao. Alikuwa na wivu. Mgongo ambao ameutunza tangu ndoa yao ikiwa changa sasa unapelekwa kwa mtu baki.

Walikwenda hata hivyo. Alimvisha Pimamaji suruali yake ya kitambaa, ile ya harusi ya binti yao, ikiwa imembana tumboni, na mkanda juu yake. Walipanda ngazi kwa shida. Mama Pasi alikuwa ametarajia jitu, mtu mwenye kifua cha mcheza mieleka. Akakuta bwana mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini na viganja vidogo, aliyewavutia viti mwenyewe na kumwambia mumewe kwa utani kwamba siku nyingine aje na nguo pana, kwa kuwa suruali kama hiyo humzuia hata mwenye mgongo mzima asiiname.

Tabibu aliwaeleza kwanza mambo yalivyo, akisema na Pimamaji lakini akimtazama na mkewe pia. Siku ya kwanza, alisema, kazi kubwa ni maswali, na yeye hamgusi mtu mpaka ajue anagusa nini. Ule mlio unaowatisha watu si mfupa unaovunjika, ni mapovu ya hewa ndani ya maji ya kiungo, kama mtu anapoalika vidole. Kesho yake mtu anaweza kujisikia ameumwa mwili kama aliyetoka kulima, na huo si ugonjwa. Wakati wowote mgonjwa akisema basi, ni basi. Halafu akasema jambo ambalo Mama Pasi aliliona la ajabu kwa mtu anayetafuta wateja: si kila mgongo ni wa mikono yake, mingine ni ya hospitali, na kazi yake ya kwanza ni kujua upi ni upi.

Maswali yakaanza. Maumivu yalianza lini, yanapanda au yanashuka, aliwahi kuanguka, anatumia dawa gani, amekonda, anapata homa usiku? Pimamaji alijibu kwa maneno mawili matatu, na pale alipokawia, Mama Pasi alimjibia. Mara mbili tabibu alimgeukia Pimamaji na kuuliza tena swali lilelile, kwa upole, kana kwamba hakusikia. Kisha akaegemea kiti chake.

"Mama, naomba utusubiri nje kidogo."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Yapo maswali ambayo mtu huyajibu vizuri akiwa peke yake."

"Huyu ni mume wangu, tabibu," alisema Mama Pasi, na akauweka mkoba wake mapajani kama mtu anayefunga mlango. "Hana la kunificha. Mgongo huu naujua mimi kuliko yeye."

Tabibu akamtazama Pimamaji, kwa kuwa mwenye uamuzi alikuwa yeye. Pimamaji alikuwa ameyaelekeza macho sakafuni, kwenye marumaru moja iliyokuwa imepanda kidogo juu ya nyingine, karibu na mguu wa meza.

"Mwache tu akae," alisema.

Basi maswali yakaulizwa mbele yake. Mkojo unatoka kama kawaida, au inabidi ausubiri? Haja kubwa je? Anapokaa kitini, zile sehemu zinazogusa kiti anazihisi, au zimekufa ganzi? Na mambo ya ndani, ya mume na mke, yakoje?

Mama Pasi alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama anavyocheka mtu aliyeulizwa bei ya mkate akiwa kwa kinyozi, akasema mgongo na choo wapi na wapi. Pimamaji naye akatabasamu, tabasamu la kumfuata mkewe, na kila alipoulizwa alitikisa kichwa akasema hakuna shida, kila kitu kiko sawa.

Tabibu akamsimamisha. Akamwambia atembee kwa vidole vya miguu, kisha kwa visigino. Mguu wa kushoto ulitii, wa kulia ukashindwa. Vidole vyake havikuinuka, vilibaki vimelala kama vya mtu aliyesinzia. Akamkalisha, akamgonga kwa kinyundo kidogo magotini na nyuma ya kifundo cha mguu, akamgonga tena palepale, akamgusa hapa na pale kwa pamba akimuuliza kama anahisi. Hakuna mlio hata mmoja uliosikika. Mwishowe akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mzee wangu, leo mgongo wako siugusi. Mguu huu umepoteza nguvu, na hilo halinyooshwi kwa mikono. Nataka mwende hospitali kubwa sasa hivi, mkitoka hapa, msilale nalo nyumbani. Nitawapigia simu wawasubiri. Na kama kuna lolote hukuniambia mimi, mwambie daktari wa huko. Umenielewa?"

Pimamaji alisema ameelewa.

Kwenye ngazi, Mama Pasi alianza kufoka. Wamempelekea mtu mgongo, kacheza na magoti. Tabibu gani huyu anayeogopa kazi yake mwenyewe? Kama ni hospitali si wangekwenda tangu asubuhi, ya nini kupandishwa ngazi zote zile na mguu mbovu? Pimamaji alishuka ngazi moja moja, akishika ukuta. Walipofika chini alisema amechoka, labda hospitali waende kesho, wawahi foleni. Mama Pasi akakumbuka. Yule shoga yake alikuwa amemsifia mkandaji mmoja, nyuma ya maduka ya samani, hata si mbali na pale, mtu ambaye hana maswali wala hadithi. Ukimfikia tu, kazi.

Na kweli hakuwa na maswali. Alikuwa na shingo nene, redio iliyokuwa ikipiga kelele, na benchi lililofunikwa turubai. Aliuliza neno moja tu, "Wapi?", na Mama Pasi ndiye aliyemwonyesha, akauweka mkono wake mwenyewe juu ya kiuno cha mumewe. Yule bwana akamlaza ubavu, akamkunja goti, akamkamata bega, akamzungusha. Mlio uliotoka ulisikika juu ya redio. Pimamaji aliinuka taratibu, akasimama, akasema anajisikia mwepesi, na akatabasamu. Mama Pasi alikuwa amelisubiri tabasamu lile kwa miezi. Njiani kurudi nyumbani alimsema yule tabibu mpaka maneno yakamwishia, na mumewe akamsikiliza, kama siku zote.

Asubuhi yake Mama Pasi alipofumbua macho, upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Pimamaji alikuwa sakafuni, amejiinua kwa viwiko, miguu yote miwili imelala nyuma yake, na alikuwa akilivuta shuka kutoka kitandani kidogo kidogo, akijaribu kulikunja. Lilikuwa limelowa. Hakujua limelowa saa ngapi, hakuhisi kitu. Alikuwa akijaribu kulificha kabla mkewe hajaamka, yeye mume wa Mama Pasi, kana kwamba katika dunia nzima kuna mtu mwingine aliyeyaona mashuka ya kila namna kuliko mwanamke huyo.

Daktari aliyempasua siku hiyo, kule hospitali kubwa, alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kutolala. Kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji alimuuliza mgonjwa maswali, yaleyale, na Mama Pasi aliyasikia akiwa upande wa pili wa pazia. Akamsikia mumewe akijibu kwa sauti iliyo wazi, bila kusita, kama mtu aliyekuwa ameyabeba majibu hayo mkononi muda mrefu akitafuta pa kuyatua. Ndiyo, ganzi ilikuwapo, kwa wiki kadhaa. Ndiyo, mkojo ulikuwa unamsumbua, ilibidi asimame bafuni akiungoja. Ndiyo, na hilo lingine pia.

Baada ya upasuaji daktari alimweleza. Diski, ile gegedu laini inayokaa katikati ya pingili mbili za mgongo, ilikuwa imetoka mahali pake ikakandamiza mishipa ya fahamu. Mama Pasi alimuuliza kama ni yule mkandaji. Daktari alisema hawezi kuapa. Huenda alimalizia, huenda ilikuwa inakuja tu. Akamuuliza kama ni kukanyagwa kwa miaka yote ile. Hilo nalo daktari hakuweza kulijibu. Alichoweza kumwambia ni kwamba mishipa ya fahamu haisubiri, na kwamba kama wangefika siku ile walipoambiwa, mgonjwa angekuwa na nafasi kubwa zaidi. Alilisema kwa huruma, akimshika mkono, na pengine ingekuwa afadhali angelisema kwa ukali.

Pimamaji alitoka hospitali akiwa hai, na watu walimshukuru Mungu kwa hilo. Baada ya mazoezi marefu mguu wa kushoto ulirudi. Wa kulia ulirudi nusu, kuanzia gotini kwenda juu. Chini ya hapo ulibaki kuvalishwa kifaa cha plastiki na kutupwa mbele kwa nguvu ya paja. Mkojo wake sasa ni wa kupangiwa saa na kutolewa kwa mpira mwembamba. Kupiga magoti hakuwezi. Mwenye duka moja la marumaru, aliyemfahamu kwa kazi zake, alimpa kiti pembeni ya kaunta awashauri wateja rangi na vipimo, naye huenda huko na fimbo yake, na wateja humpenda kwa sababu hasemi sana.

Mama Pasi alikaa na swali lake muda mrefu. Ilipita miezi kabla hajaweza kuliuliza, na siku alipoliuliza ilikuwa mchana wa kawaida, yeye akikunja nguo, mumewe akiwa kitini karibu na dirisha. Alimuuliza kwa nini hakusema, siku ile, pale kwa tabibu.

"Ningesema vipi? Ulikuwa umekaa pale."

"Ungeniambia nitoke."

"Kweli," alisema Pimamaji. "Ningekwambia utoke. Hilo ni langu."

Mama Pasi akadhani yamekwisha. Kisha mumewe akaendelea, akitazama nje. Alisema aibu ilikuwapo, ya mwanamume, hilo hakatai. Lakini hiyo haikuwa sababu pekee.

"Kila jioni ulikuwa unapanda mgongoni kwangu na furaha yako. Niliogopa nikisema huku chini kumekufa, utadhani ni miguu yako."

"Ilikuwa miguu yangu?"

Pimamaji angeweza kumdanganya, na wala asingepata dhambi. Alifikiri, akainamisha kichwa upande kidogo kama alivyozoea.

"Sijui, mke wangu," alisema.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mama Pasi mjukuu wa kweli alimpata mwaka uleule, mvulana mwenye mapafu ya mama yake, akawa na vyote viwili vya kubembeleza. Alikwenda mara moja kwa yule tabibu, peke yake, akapanda zile ngazi bila kujua kama anakwenda kuomba radhi au kugombana. Tabibu alimkumbuka. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwamba hospitali walimpigia kumwambia mgonjwa hakufika, ilikuwa imeshakuwa jioni, na yeye hakuwa na namba ya nyumbani kwao. Alisema jambo hilo analo mpaka leo. Angemwambia yeye, Mama Pasi, atoke, kwa mara ya pili. Angewaitia gari, akasimama barabarani mpaka wakapanda. Tangu siku ile, alisema, kila mgonjwa mpya huanza naye peke yake, hata aje na mama, mke au kiongozi wake wa dini, na baadhi hukasirika wakaenda zao. Waliagana bila mmoja kumtua mwenzake mzigo.

Kwa hiyo Chiriku aliporudi kiwandani baada ya uzazi, na shingo ikaanza kumkaza kwa kuinamia cherehani hadi kichwa kikawa kinamwanga mchana kutwa, hakuthubutu kumtaja Mnyoosha Migongo nyumbani. Aliyemtaja ni mama yake. Akaomba ruhusa kazini, akambeba mjukuu mgongoni, na njia nzima akamwelekeza binti yake. Avae kama alivyovaa, gauni pana, sawa. Aseme dawa zote anazomeza, hata zile za kupanga uzazi. Aseme ananyonyesha, aseme kama kichwa kinamzunguka, kama mikono inamwingia ganzi au inaangusha vitu. Asikubali mtu yeyote amgeuze shingo kabla hajamuuliza maswali na kumpima, na hata huyu amuulize anataka kufanya nini na kwa nini. Akiona hataki, aseme hataki, kuna njia za taratibu zaidi. Akisikia mlio asiruke. Kesho akiumwa kidogo asitishike, lakini akiumwa sana, au akaona jambo geni, asingoje ruhusa ya mtu. Na tabibu akisema hamgusi, amshukuru, aende anakoelekezwa, siku hiyohiyo.

"Mama," Chiriku alisema walipofika mlangoni, "leo umeongea mpaka mimi nimekosa nafasi."

"Na ukiingia humo uongee wewe."

Chiriku akamshika mkono. Alisema anaogopa, waingie wote, yeye hana siri. Mama Pasi akamtazama huyu mtoto wake asiyenyamaza, akawaza kwamba hata yeye lazima anayo yake, na kwamba halikuwa jambo la kumvunja moyo. Akamwambia akiogopa amwambie tabibu kwamba anaogopa. Kisha akaketi kwenye benchi la nje na mtoto.

Mlango ulifungwa. Alisikia sauti mbili, ya chini na ya juu, bila kuyashika maneno. Ile ya juu ilikwenda haraka mwanzoni, ikapungua, na kuna mahali ilishuka sana hata akageuza kichwa kusikiliza, akajikuta amefanya hivyo, akakirudisha. Alimtazama mjukuu aliyekuwa akijaribu kuingiza ngumi nzima mdomoni. Aliwaza jinsi ilivyokuwa rahisi. Benchi lilikuwa hapa hata siku ile. Lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kile kiti.

Chiriku alitoka macho yake mekundu kidogo na uso mwepesi. Hakuna aliyemgeuza shingo siku ile. Tabibu alikuwa amemkandakanda mabega, akamfundisha mazoezi mawili ya kufanya ukutani, na kumwambia ainue kiti chake cha kazini na asimnyonyeshe mtoto amejikunja. Alirudi tena mara kadhaa, shingo ikafunguka, kichwa kikaacha kuwanga. Alilia nini mle ndani hakusema, na mama yake hakumuuliza.

Siku hizi Mama Pasi bado yuko kwa dobi, ingawa mizigo mizito anabebewa. Jioni akirudi humvua mumewe kile kifaa cha mguuni, kwa sababu ngozi chini yake huchubuka bila mwenyewe kujua, na daktari alisema ikaguliwe kila siku. Huukagua mguu huo kwa taa, kisha huupaka mafuta, akiukanda kutoka kwenye kifundo hadi vidoleni, polepole, kwa dole gumba. Pimamaji huiangalia mikono yake ikienda.

"Hapo," humwambia. "Hapohapo."

"Unahisi?"

"Kidogo."

Mama Pasi humtazama usoni kuona kama macho yake yako mguuni, maana anayeuona mkono anaweza kusema hapo bila kuhisi. Mara nyingi huwa yako mguuni. Basi huongeza mafuta kiganjani, akaendelea kukanda palepale alipoambiwa.